Hesabu ya Viti na Hesabu ya Watu: Kumbukumbu za Chaguzi za Bunge nchini Burundi

Uchaguzi wa wabunge uliofanyika Burundi tarehe 29 Juni 1993 ulihesabiwa kwa uaminifu, na ugumu wa kuusimulia unaanzia hapo hapo. Kama kura zingekuwa zimeibwa, damu iliyomwagika baadaye ingepata maelezo mepesi, kwamba walioporwa haki yao walinyanyuka kuidai. Haikuwa hivyo. Chama cha UPRONA, ambacho kirefu chake kinaweza kufasiriwa kuwa Umoja wa Maendeleo ya Taifa, na ambacho kilikuwa kimetawala peke yake tangu miaka ya 1960, kilipata viti 16 kati ya 81, ilhali chama kipya cha FRODEBU, yaani Umoja wa Demokrasia nchini Burundi, kilijinyakulia 65, na vyama vingine vyote vikatoka mikono mitupu. Meja Pierre Buyoya, aliyekuwa ameshindwa na Melchior Ndadaye wiki nne kabla katika uchaguzi wa rais wa tarehe 1 Juni, alikubali matokeo na kukabidhi madaraka. Hata hivyo, kabla ya kutimia miezi minne, Rais Ndadaye na Spika wa Bunge hilo walikuwa wameuawa na wanajeshi, na nchi ikaingia katika vita vinavyokadiriwa kuangamiza watu 300,000. Mwandishi wa kumbukumbu hizi, aliyekuwa mwalimu wa Kiswahili mkoani Kigoma katika miaka hiyo, na ambaye baadaye alishuhudia uchaguzi wa mwaka 2005 akiwa mkalimani, ameishi na swali hili kwa zaidi ya miaka 30: inakuwaje uchaguzi safi ukawa mlango wa maangamizi?

Jibu lake halianzii kwenye sanduku la kura, bali kwenye namba tatu ambazo kila mwanafunzi wa Burundi amewahi kuzisikia: 85, 14 na 1. Hayo ndiyo makadirio ya asilimia za Wahutu, Watutsi na Watwa yaliyoachwa na utawala wa kikoloni wa Ubelgiji, na yamekuwa yakinukuliwa kizazi hadi kizazi kana kwamba ni matokeo ya sensa ya juzi, ingawa dola huru ya Burundi haikuwa ikichapisha hesabu ya raia wake kwa makabila. Hata neno kabila halikai sawasawa hapa, kwa kuwa makundi hayo matatu yanazungumza Kirundi kile kile, yanasali katika makanisa yale yale na yanaishi yamechanganyikana juu ya vilima vile vile. Juu yao wote walikuwapo Waganwa, ukoo wa kifalme ambao kwa desturi haukuhesabiwa kuwa wa Wahutu wala wa Watutsi. Wabelgiji ndio waliokaza mpaka uliokuwa ukipitika, kwa kuwaondoa machifu wa Kihutu mmoja baada ya mwingine, hata ilipofika mwaka 1945 hapakuwa na Mhutu hata mmoja aliyebaki katika nafasi hiyo. Kundi likishanyimwa nafasi kwa jina lake, litazidai nafasi hizo kwa jina hilo hilo, na pale ambapo hapana sensa, uchaguzi hugeuka kuwa sensa.

Inafaa kukumbuka kwamba mambo hayakuanza hivyo. Uchaguzi wa Bunge wa tarehe 18 Septemba 1961, wa kwanza wenye uzito wa kweli, ulikuwa mashindano ya matawi mawili ya Waganwa, Wabezi na Wabatare, na UPRONA ya Mwanamfalme Louis Rwagasore ilishinda viti 58 kati ya 64 kwa kura za Wahutu na Watutsi pamoja. Wasomaji wa Kiswahili wana sababu ya pekee ya kulikumbuka jina hilo, kwani miongoni mwa waliombeba Rwagasore tangu mwanzo walikuwamo wafanyabiashara Waswahili wa mji wa Usumbura, ambao ndio Bujumbura ya leo, watu wa mitaa kama Buyenzi, waliokuwa na habari za harakati za TANU ng'ambo ya Ziwa Tanganyika na ambao kwa macho ya mtawala hawakuwa Wahutu wala Watutsi. Rwagasore aliuawa tarehe 13 Oktoba 1961, kabla ya kutimia mwezi mmoja baada ya ushindi wake. Miaka minne baadaye, katika uchaguzi wa Mei 1965, Wahutu walipata viti 23 kati ya 33, lakini Mwami Mwambutsa wa Nne alimteua Léopold Biha, Mganwa aliyekuwa mtu wake wa karibu, kuwa waziri mkuu. Hapo ndipo kura ilipotenganishwa na madaraka kwa mara ya kwanza. Jaribio la mapinduzi la Oktoba mwaka huo lilifuatwa na kuuawa kwa wanasiasa na maofisa wa Kihutu, na mwaka 1972 ukaja msiba ambao Warundi huuita ikiza, neno lenye maana ya janga lisilo na mfano, ambapo Wahutu waliosoma waliwindwa karibu nchi nzima. Waliokimbia wakati huo ndio walioanzisha makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo magharibi mwa Tanzania.

Kwa hiyo wakimbizi walioanza kuvuka mpaka baada ya Oktoba 1993 hawakuwa wa kwanza, na wazee wa Kigoma waliwapokea kama watu wanaopokea mvua ya msimu wanaoujua. Mwandishi alijitolea kufundisha Kiswahili nyakati za jioni katika kambi moja ya wilaya ya Kasulu, na huko alifahamiana na mtu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi kwa taaluma, ambaye alikuwa karani wa kituo cha kupigia kura katika chaguzi zote mbili za Juni. Mambo mengi ambayo mwandishi aliyasoma baadaye katika vitabu alikuwa ameshayasikia kutoka kwa karani huyo, na yaliyo muhimu zaidi hajayakuta katika kitabu chochote.

Karani alieleza utaratibu kwa makini ya mtu aliyeuheshimu. Hapakuwa na karatasi moja yenye majina yote, bali kila chama kilikuwa na karatasi yake. Mpiga kura alikabidhiwa karatasi zote pamoja na bahasha, akaingia faraghani, akatia ndani ya bahasha karatasi ya chama anachokitaka na kuziacha nyingine. Kwa nchi ambamo wengi hawakujua kusoma, utaratibu huo ulikuwa na huruma, kwa sababu rangi na alama zilitosha. Udhaifu wake ni kwamba karatasi zilizobaki nazo zinasema: aliyebaki na karatasi ya UPRONA mkononi hakuipigia UPRONA, na mwenye nguvu kijijini anaweza kuomba aonyeshwe. Hilo, alisema karani, halikutokea kituoni kwake. Kilichotokea ni kitu kingine ambacho hakuna sheria ingeweza kukizuia.

Kituo hicho kilihudumia kilima. Kilima nchini Burundi si sehemu ya nchi iliyoinuka tu. Ni ngazi ya chini ya utawala, ni anwani ya mtu, na ni jumuiya ambamo kila kaya inajulikana kwa ukoo, kwa shamba na kwa msiba iliowahi kuupata. Kura zilipohesabiwa na kutangazwa hapo hapo mbele ya watu, ilisomwa hesabu kubwa ya FRODEBU, kisha hesabu ndogo ya UPRONA, na watu walionyamaza kusikiliza hawakuwa wakisikiliza nani ameshinda, kwa sababu hilo walikuwa wamelijua tangu asubuhi. Walikuwa wakilinganisha. Ikiwa kaya za Kitutsi za kilima hicho zilikuwa na wapiga kura kadhaa, na kura za UPRONA zikawa karibu na idadi hiyo, basi siri ya kura ilikuwa imekwisha, hata kama hakuna aliyechungulia bahasha ya mwenzake. Na zile kura chache zilizozidi au kupungua, yaani za Mhutu aliyeipenda UPRONA au za Mtutsi aliyeiamini FRODEBU, zilianza kutafutiwa wenyewe usiku huo huo. Karani aliambiwa na jirani yake, pasipo ukali wowote, kwamba sasa wamehesabiana.

Neno hilo, kuhesabiana, lina uzito kuliko istilahi nyingi za wanazuoni. Siku zile zile za Juni, wanafunzi na wafuasi wa UPRONA waliandamana mjini Bujumbura wakidai kwamba kilichofanyika kilikuwa orodha ya makabila na kwamba huo haukuwa uchaguzi. Madai hayo hayakuwa ya haki kwa FRODEBU, ambayo orodha zake za wagombea zilikuwa na Watutsi pia, kama ilivyotakiwa na Katiba ya mwaka 1992. Gilles Bimazubute, Naibu Spika wa Bunge jipya, alikuwa Mtutsi wa FRODEBU, na Ndadaye, rais wa kwanza wa nchi hiyo kutoka kwa Wahutu, alimteua Sylvie Kinigi, Mtutsi wa UPRONA, kuwa waziri mkuu. Itakuwa dhuluma kwa kumbukumbu za watu hao kuwaeleza kana kwamba walikuwa wajumbe wa kabila moja waliokuja kulipiza kisasi. Lakini hofu haisomi orodha za wagombea. Mtutsi wa kawaida aliyeona 65 kwa 16 alijiona ndani ya ile 16, akapiga hesabu ya uchaguzi ujao, na ule utakaofuata, akaona kuwa namba hiyo haitabadilika kwa sababu haikutokana na hoja. Demokrasia inavumilika kwa anayeshindwa pale anapoweza kuamini kwamba siku moja atashinda. Anayeshindwa kwa kuzaliwa hana siku hiyo ya kuisubiri.

Kulikuwa na jambo la pili ambalo halikuandikwa kwenye karatasi yoyote ya kura. Bunge lilibadilika ndani ya siku moja, lakini jeshi, ambalo maofisa wake walikuwa karibu wote Watutsi, lilibaki kama lilivyokuwa, na tayari mwanzoni mwa Julai, kabla rais mpya hajaapishwa, baadhi ya wanajeshi walijaribu kupindua serikali wakashindwa. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba hawakushindwa. Ndadaye aliuawa, na pamoja naye wakauawa Spika Pontien Karibwami na Bimazubute, na hapa ndipo mwandishi angependa msomaji atue kidogo. Kwa mujibu wa Katiba, Spika ndiye aliyepaswa kushika nafasi ya rais ikiwa wazi. Wauaji walikuwa wameisoma Katiba kuliko walivyodhaniwa: hawakumwondoa mtu tu, waliukata mfuatano mzima wa uhalali uliotokana na kura, wakaliacha Bunge lenye viti 65 kwa 16 likiwa halina wa kuliongoza. Vijijini, wafuasi wa FRODEBU waliwaua majirani zao wa Kitutsi, na Wahutu waliokuwa wa UPRONA pia, na jeshi likaua Wahutu kwa jina la kurudisha amani. Kuhesabiana kule kwa Juni kukawa, katika vilima vingi, ndiyo ramani ya nyumba za kwenda kuchoma.

Yaliyofuata yalikuwa ni kubomoka polepole kwa matokeo ya uchaguzi. Bunge lilimchagua Cyprien Ntaryamira Januari 1994, naye akafa tarehe 6 Aprili katika ndege ile ile aliyokufa nayo Rais Habyarimana wa Rwanda. Mapatano ya Septemba mwaka huo yakawapa wapinzani asilimia 45 ya nafasi za serikali. Na Julai 1996 Buyoya akarudi kwa mapinduzi. Karani wa Kasulu alisikia habari hiyo kwenye redio, na jioni hiyo hakuja darasani.

Mazungumzo ya Arusha, aliyoyasuluhisha Mwalimu Nyerere hadi kifo chake Oktoba 1999 na kukamilishwa na Nelson Mandela kwa mkataba wa tarehe 28 Agosti 2000, yalichukua mwelekeo ambao wengi wakati huo waliuona wa kinyume. Rwanda jirani ilichagua kuyafuta majina ya makabila katika siasa. Burundi iliamua kuyataja waziwazi na kuyaandikia namba. Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni Februari 2005 iliagiza Bunge liwe na asilimia 60 ya Wahutu na asilimia 40 ya Watutsi, wanawake wasiopungua asilimia 30, na viti vitatu vya Watwa. Seneti igawanywe nusu kwa nusu. Na jeshini pasiwepo kundi lenye zaidi ya nusu. Wabunge 100 wangechaguliwa kwa uwakilishi wa uwiano, yaani kila chama kipate viti kulingana na sehemu yake ya kura katika mkoa, kwa orodha zilizofungwa ambazo mpiga kura hawezi kuzipanga upya, na katika kila wagombea watatu wanaofuatana wasizidi wawili wa kundi moja. Matokeo yakiwa bado hayajafikia uwiano uliotakiwa, wangeongezwa wabunge wa kuteuliwa kutoka kwa vyama vilivyovuka kizingiti cha asilimia 5 ya kura. Kwa lugha ya karani, watu wangeshahesabiwa kabla ya kwenda kupiga kura, kwa hiyo kura yenyewe ingekuwa huru kuhesabu kitu kingine.

Na ndivyo ilivyokuwa tarehe 4 Julai 2005. Mwandishi alikuwapo Bujumbura kama mkalimani wa kundi la waangalizi, na ana deni la ungamo ambalo halijawahi kuandikwa. Katika vituo alivyopita, alikuwa na daftari la kuandikia saa ya kufunguliwa, urefu wa foleni, mihuri ya masanduku na mambo mengine ya utaratibu. Usiku, alipoyasoma aliyoyaandika, aligundua kwamba pembezoni mwa kurasa alikuwa ameweka herufi ndogo za H na T, akikisia kwa nyuso na vimo ni watu gani walio wengi katika kila foleni. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa mgeni kutoka nchi inayojivunia kutokuulizana kabila, na ndani ya saa chache alikuwa amefanya kile kile ambacho kiliwatoa majasho watu wa kilima mwaka 1993. Aliuchana ukurasa huo, lakini hakuusahau, na tangu siku hiyo amekuwa mzito wa kuwahukumu Warundi kwa ugonjwa ambao humshika hata mpita njia.

Matokeo ya 2005 yaliyafanya makisio ya daftari lile kuwa hayana maana. Chama cha waasi wa zamani, CNDD-FDD, kilipata viti 59, FRODEBU 25 na UPRONA 10, vingine vikienda kwa vyama vidogo, na nyongeza ya wabunge 18 ikalifikisha Bunge kwenye 118. Mashindano makubwa yalikuwa baina ya vyama viwili vyenye Wahutu wengi, na Watutsi wengi waliingia bungeni kwa tiketi za vyama hivyo. Baadhi ya vyama vya Watutsi vilikuwa vimeliona hilo likija. Ndiyo maana viongozi wa vyama hivyo walikataa kutia saini makubaliano ya Pretoria ya Agosti 2004, wakidai kwamba kiti cha Mtutsi kisichotoka katika chama cha Watutsi ni kiti cha sura tu, kisicho na sauti. Hoja yao ilikuwa na ukweli ndani yake, kwa sababu mbunge humtii aliyemweka kwenye orodha. Lakini kama wangepata walichotaka, kila uchaguzi ungerudi kuwa kuhesabiana, na mwandishi anaamini kwamba walioikataa hoja hiyo waliiokoa nchi na hatari kubwa kuliko ile waliyoiacha.

Hatari waliyoiacha ilijitokeza baada ya miaka kumi. Mwaka 2015, Rais Pierre Nkurunziza alipoamua kugombea muhula wa tatu, waliomiminika mitaani walikuwa Wahutu na Watutsi, wa mitaa ya Bujumbura kama Cibitoke na Musaga, na chama chake cha CNDD-FDD kikapasuka katikati. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia, wengi wao wakirudi katika makambi ya Nyarugusu na Nduta mkoani Kigoma, lakini kwa mara ya kwanza mgawanyiko mkuu haukufuata kabila. Hayo ni matunda ya migawo ya Arusha, na hayapaswi kudharauliwa. Pamoja na hayo, migawo hiyo haikuweza kuunda upinzani pale usipotakiwa. Katiba ya mwaka 2018 ilibakiza 60 kwa 40, lakini iliondoa sharti la theluthi mbili katika kupitisha sheria, ambalo ndilo lililowapa walio wachache sababu ya kusikilizwa, na kuweka wingi wa kawaida. Na katika uchaguzi wa tarehe 5 Juni 2025, chama tawala kilitangazwa kushinda viti vyote 100 vya kuchaguliwa. Uwiano wa makundi ungali umeandikwa vilevile. Aliyeshindwa hayumo tena ndani ya ukumbi.

Katiba hiyo hiyo ya 2018 iliipa Seneti miaka mitano ya kutathmini kama migawo iendelee au ifutwe. Mwandishi alimfikishia swali hilo karani wa zamani, ambaye alirudi kilimani kwake muda mrefu uliopita na sasa ni mzee, kwa njia ya simu ya mjukuu wake. Mzee hakutaka kusema ndiyo wala hapana. Alitaka kwanza kujua kuhusu wale wabunge wa Kitutsi waliomo katika viti 100: wanapokwenda vilimani kwao Jumapili, na jirani akawashtakia shamba lililochukuliwa, je, humpelekea nani shauri hilo Jumatatu. Alisubiri jibu, simu ikiwa bado hewani, na mwandishi hakuwa nalo.